Panya wa Ukurasa wa Mwisho

Nilifukuzwa kazi kwa ajili ya panya, na panya mwenyewe siku hiyo wala sikumla. Nasema mapema ili anayeona kinyaa afunge ukurasa akanywe maji. Sisi wengine tuendelee.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi mitano. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, maziwa yaliyokuwa yakivuja bila kujali nani kasimama mbele yangu, na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa gazeti. Naliita gazeti kwa heshima tu. Zilikuwa kurasa nne zilizobanwa pini kwenye kona, zikitoka kila mwezi kwa ajili ya watu wazima wa vijijini waliokuwa wamemaliza kisomo, wapate kitu cha kusoma wasije wakasahau herufi. Cheo changu kilikuwa mwandishi msaidizi. Mwandishi niliyekuwa nikimsaidia hakuwahi kuwapo. Habari nilitafuta mimi, nikazipiga mashine kwenye stensili, nikazungusha mkono wa mashine ya kurudufu huku mtoto yuko mgongoni, na kila nikizungusha naye kichwa kinamzunguka, mpaka ikawa mashine ikisimama analia. Magazeti yakikauka, tarishi wetu, mzee mmoja aliyewahi kuwa askari na bado anatembea kama yuko gwarideni, aliyabeba kwenda kwa madereva wa malori ya korosho wayapeleke vijijini.

Mkuu wa ofisi alitoka bara, kule kwenye baridi. Mtwara alikuwa na mwaka wa tatu na bado kila asubuhi alikuja amevaa sweta. Ukimwuliza, anasema ni kwa ajili ya mbu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga. Ukurasa wa kwanza aliusoma kwa kalamu nyekundu mara tatu, kwa sababu ndiko walikokuwa viongozi, na kiongozi ukimkosea cheo unaweza kujikuta umehamishiwa mahali ambapo hata sweta halisaidii. Ukurasa wa pili na wa tatu aliupitia. Wa nne hakuugusa. Ule ulikuwa Ukurasa wa Mama, na nilipewa mimi kwa sababu nilikuwa mwanamke pekee ofisini.

"Hayo ya mapishi mnajuana wenyewe," alikuwa akisema.

Basi mimi nikajua kwamba uhuru wa kusema uko ukurasa wa nne, chini ya maelekezo ya kushona nepi.

Mwaka huo ukaletwa waraka wa chakula bora. Tuliambiwa tuwaandikie kina mama orodha ya vyakula vya kujenga mwili: maziwa, mayai, nyama ya ng'ombe, maini, samaki, maharage. Nikausoma nikaugeuza nyuma kuona kama kuna ng'ombe wameambatanishwa. Hamna. Huku ndani, nyuma ya Nanyamba, mbung'o walishamaliza habari ya ng'ombe kabla babu yangu hajazaliwa. Samaki anafika akiwa mkavu kama kandambili, tena siku lori likipenda. Kuku ni wa mgeni, na yai ni kuku ambaye hajamaliza. Mama wa kule akisoma orodha ile ni sawa na kuambiwa amkatie mtoto kipande cha mwezi. Na watoto nilikuwa nimewaona mwenyewe nilipokwenda kutafuta habari, nywele zimekuwa nyekundu, miguu imevimba, wamekaa kimya kama wazee wanaosubiri kesi. Mtoto mdogo akikaa kimya hivyo huwezi tena kuandika habari za nepi.

Siku nilipokuwa na waraka ule mkononi, mkuu alikuwa na mgeni kutoka makao makuu. Wanakunywa chai, mlango wazi, na mimi niko nje nazungusha mashine. Mgeni akauliza, "Hali ya lishe huku ikoje, ndugu?"

Mkuu akasema, "Hawa wa huku lishe wanayo. Ukimwona paka wa Mtwara amekonda, usimwonee huruma. Ana washindani."

Mgeni alicheka mpaka akapaliwa na korosho. Korosho zetu hizo! Amepaliwa nazo na tarishi akaitwa ampige mgongoni.

Mimi nimelelewa na bibi yangu, mama wa Kimakua, huko upande wa Masasi. Bibi alikuwa akiwachoma panya wa shamba manyoya, akiwatoa utumbo, akiwabana kwenye kijiti kilichopasuliwa na kuwakausha juu ya moshi, halafu anawaunga kwa karanga. Kwa nyama hiyo nilipasi mtihani wa kwenda sekondari, darasa zima tukiwa wawili tu. Kama kichwani mwangu mna akili yoyote, imetokana na panya. Sasa mtu aliyeletwa na basi ajinunulie kicheko kwa mgeni wake kwa kutumia bibi yangu? Damu ilinipanda, maziwa yakanishuka, blauzi ikaloa mbele, nikaketi kwenye taipureta hivyo hivyo.

Niliandika haya, nayakumbuka kwa moyo maana baadaye yalisomwa mbele yangu kama hati ya mashtaka:

"Mama msomaji, huna ng'ombe, usilie. Panya wa shamba anakula mhogo na karanga zako. Ukimla umerudisha mali yako. Yeye si kama bata wa maofisa anayeshinda kwenye mifereji. Panya wa ndani mwache, ni mchafu. Wa shamba mkamate, mchome manyoya, mtoe utumbo, mkaushe, muunge, mpe mtoto. Watakaokucheka waulize kwao wanakula nini. Wako watu wanaweka maziwa ndani ya kibuyu wiki nzima mpaka yanuke, halafu wanaitana kuja kunywa. Na afisa anayecheka chakula cha mwananchi akumbuke kwamba analipwa kwa korosho za mwananchi huyo huyo, na mwananchi alizibangua akiwa ameshiba panya. Mimi mwenyewe mwaka huu nimekula panya watamu katika kijiji kimoja nyuma ya Nanyamba, kile chenye kisima kipya."

Mstari wa maziwa haukuwa wa haki, nakubali. Mume wangu naye ni wa bara, karani pale bandarini, na maziwa hayo mama yake aliniletea kibuyu kizima nilipojifungua, nikayamaliza. Lakini mtu mwenye hasira hachagui jiwe. Na ule mwisho nilidhani nimeficha vizuri, kwa kuwa jina la kijiji sikulitaja. Sikukumbuka kwamba wilaya nzima kisima kipya kilikuwa kimoja.

Gazeti likatoka. Mkuu akasoma ukurasa wa kwanza mara tatu, akapitia wa pili na wa tatu, akatia saini.

Wiki mbili zikapita kimya. Ya tatu, siku ya Jumatano, wakashuka kwenye lori watu wanne waliovaa nguo za sikukuu: mzee mwenye kofia ya kufuma, ndiye msemaji wao, vijana wawili wa kamati ya kijiji ambao kazi yao ilikuwa kuitikia, na mama mmoja mnene mwenye kanga mpya. Nilipomwona yule mama nilifurahi nusura nimkimbilie. Ndiye aliyenipokea nilipokwenda kijijini kwao, na panya nilioandika habari zao alinipikia yeye. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama!" Akaitikia marahaba akiwa anaangalia paa.

Waliingizwa kwa mkuu, nami nikaitwa, mtoto wangu mgongoni. Mzee akatoa gazeti letu mfukoni, limekunjwa mara nane.

"Ndugu Mkuu," akasema, "sisi tumeshasoma. Kisomo tumemaliza, vyeti tunavyo. Lakini tunataka kulisikia kwa sauti ya serikali. Tusomee hapa nyuma."

Mkuu alifurahi. Kumbe gazeti linasomwa! Akasafisha koo, akaanza kwa sauti ya redio. "Mama msomaji, huna ng'ombe, usilie." Akatabasamu kwa wageni. Alipofika kwenye panya sauti ikapungua kidogo, lakini mtu akishaanza kusoma mbele ya watu hawezi kuacha. Kwenye bata wa maofisa akanitazama. Alikuwa na bata sita. Kwenye kibuyu sauti ilibaki ya mtu aliye chini ya kisima. Alimaliza kwa midomo tu.

"Sasa," akasema mzee, "nani kawaambia sisi tunakula panya?"

"Hatuli!" wakaitikia vijana.

"Sisi Waislamu. Panya kwetu haramu. Tangu gazeti hili lifike, tukienda mnadani watu wanalia kama paka. Mwanangu alikuwa aoe, wakwe wanauliza kwenye karamu ya harusi tutawapa nyama gani. Tunataka huyu aliyeandika aondoke kazini, na iandikwe hapo hapo nyuma kwamba sisi panya hatuwajui."

Nikamgeukia yule mama. "Mama, si ulinipikia wewe? Tena nikakuomba unionyeshe unavyounga."

Yule mama akaendelea kuliangalia paa, kana kwamba ndilo lililoulizwa. "Mgeni alikuwa amechoka na safari," akasema. "Pengine aliota."

Loo! Mimi niliyewatetea wao, wao ndio wanakuja kunifukuzisha, na anayefurahi ni yule niliyemshambulia! Mkuu alikuwa ameshashika kalamu nyekundu. "Mnaona, wananchi wenyewe wamesema. Mimi ni nani nipinge wananchi?"

Mtoto akaanza kulia, nikamtoa mgongoni nikamnyonyesha pale pale. Yeyote asiyependa aliangalia paa pamoja na yule mama.

Mzee akanitazama nikinyonyesha, akauliza kwa upole tu, kama mtu anayeaga, "Wewe binti kwenu wapi? Kabila gani?"

Mkuu akaruka. "Mzee! Hapa hatuulizani makabila! Sisi sote ni Watanzania!"

"Ndiyo, Ntanzania. Lakini Ntanzania wa kabila gani?"

"Mmakua," nikasema.

Mzee aliangusha fimbo. "Nmakua!" Akawageukia wenzake. "Jamani, kumbe Nmakua! Tumepanda lori tangu alfajiri tumekuja kunshtaki Nmakua!"

Vijana wakapiga makofi. Yule mama akaacha paa kwa mara ya kwanza, akanijia moja kwa moja akaninyang'anya mtoto kifuani, titi likabaki nje. "Huyu mateka! Mpaka Wamakua watulipe! Tazama kichwa chake, kama jungu la kwao!"

Asiyejua desturi aelezwe. Wamakonde na Wamakua ni watani tangu zamani. Wazee wanasema tuliwahi kupigana tukachoka. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya chakula mkononi, kuja msibani kwako akalala kwenye jeneza akisema marehemu ampishe, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika aibu ni yako. Kwa hiyo niliyoyaandika, kwa dakika moja, yalikuwa yamegeuka. Tusi la mtani si tusi.

"Ungesema mapema, wewe mla nyani," mzee akaniambia kwa furaha. "Tungekwisha rudi."

"Ningesema, lakini niliogopa mtanila mimi, panya wakiwaishia," nikamjibu, maana usipojibu nako ni utovu wa adabu. Wakacheka hadi vijana wakashikana.

Mkuu alikuwa bado na kalamu hewani. "Ngojeni. Ngojeni kwanza. Na mimi je? Mimi nimetukanwa hapa. Bata wangu wametukanwa. Mama yangu mzazi anatengeneza maziwa hayo!"

Mzee akamtazama. "Wewe ntani wako huku nani?"

"Mimi sina mtani huku."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Sijawahi kuona watu wakimhurumia mtu namna ile. Yule mama aliguna, "Masikini." Kijana mmoja akamsogezea mkuu kikombe cha chai alichokuwa amekaribishwa yeye. Mwanamume mzima, mwaka wa tatu mkoani, na hana hata mtu mmoja wa kumtukana! Ikawa wazi hata kwangu, ingawa sikutaka iwe wazi, kwamba ule mzaha wake wa paka ulikuwa mzaha wa mtu anayetaka kutania na hana leseni.

"Wazee wenu," mzee akauliza, "hawakuwahi kuja huku kupigana?"

"Hapana."

"Kununua chumvi?"

"Tuna magadi yetu."

"Kuiba mwanamke?"

"Ni mbali, mzee."

"Mbali! Hata nkorofi mmoja hakupotea njia?" Mzee akatikisa kichwa. "Basi hakuna namna. Utani hauombwi, unatokana na vita." Akafikiri kidogo, akasimama, akachukua rula juu ya meza. "Tupigane sasa hivi."

"Tu... nini?"

"Kidogo tu. Tupigane leo, tupatane leo, kesho sisi watani. Simama, Ndugu Mkuu, usiogope."

Tarishi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akijifanya analeta barua, aliingia akapiga mguu chini. "Nitakuwa mwamuzi," akasema. Miaka mingi alikuwa akiingoja vita nyingine.

Mkuu alisimama. Mpaka leo sijui kwa nini alisimama. Mzee akampiga kwa rula begani, taratibu, kama anayepima kitambaa. "Na wewe piga!" tarishi akaamuru. Mkuu akanyanyua jalada la barua za siri, akalishusha juu ya kichwa cha mzee, kofia ikaanguka. Barua za siri zimetapakaa. Mzee akainama, akaiokota kofia, akaipangusa.

"Inatosha," akasema kwa huzuni. "Wamekufa watu wengi. Tupatane."

Wakapeana mikono. Hapo hapo mzee akamtazama mkuu toka juu mpaka chini. "Haya, wewe mnywa maziwa yaliyooza, unavaa sweta Ntwara, unaumwa?"

Mkuu alitoa macho. Halafu uso wake ukafunguka kama dirisha lililokwama. "Na wewe," akasema, "wewe... mshindani wa paka!"

Wacha! Mzee alicheka akajipiga mapaja. Vijana walilala kwenye benchi. Mama alicheka huku anamrusha mtoto wangu juu, na mtoto naye akacheka, msaliti mkubwa. Mkuu alikuwa akifuta machozi kwa mkono wa sweta. Maneno yale yale. Maneno yale yale yaliyonilowesha blauzi, sasa yanaliwa kama mabibo ya bure. Asiyecheka nilikuwa mimi peke yangu, na titi langu.

"Basi," mkuu akasema alipoweza kusema, "limekwisha. Ulikuwa utani. Utabaki kazini, dada, wala sitaandika chochote. Andika tu mstari mmoja toleo lijalo: yale ya ukurasa wa mwisho yalikuwa utani."

Wakapiga makofi. Kazi yangu ilikuwa pale mezani, imepona, nyepesi, ya kuchukua tu. Na nilikuwa naitaka. Nilikuwa naipenda harufu ya wino ule kuliko manukato. Nilipenda kumwona mtu mzima kijijini anaweka kidole chini ya neno nililolipiga mimi na kulitamka. Nikafungua kinywa kusema sawa. Nikamwona mama mmoja, sio yule, mama mwingine mahali fulani, ameshika gazeti na mtoto mwenye nywele nyekundu mapajani, anaweka kidole chini ya mstari huo. Ya-li-ku-wa u-ta-ni. Kumbe walikuwa wanatania. Basi tusubiri ng'ombe.

"Sikutania," nikasema.

"Sema tena?"

"Sikuwa natania. Panya ni nyama. Watoto wanaumwa kwa kukosa nyama. Maziwa nitaandika nimekosea, na bata wako nitawaomba radhi mmoja mmoja. Lakini panya sikutania."

Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Mzee alinisogelea. "Binti, lori linaondoka saa tisa. Sema utani twende zetu."

"Siwezi."

"Nmakua gani huyu asiyejua kutania!" Alikuwa ameudhika kweli sasa, kuliko alipokuja.

Yule mama alinirudishia mtoto, akaninong'oneza sikioni, harufu yake ya moshi ikanikumbusha jiko lake. "Sema tu, mwanangu. Sisi tutaendelea kula, na wewe utaendelea kula. Atakayekufa nani?"

"Basi andika wewe, mama," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Andika kwamba unakula, nitapiga chapa, nibaki kazini."

"Mimi? Mimi sijui kuandika."

Toleo la mwezi uliopita, ukurasa wa tatu, jina lake lilikuwapo, kati ya waliopewa vyeti. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika chini yake: mwanafunzi bora wa kuandika.

Mkuu alijaribu mara mbili zaidi, namsifu kwa hilo. Alisema hata niandike "kwa sehemu ulikuwa utani." Nikamwuliza sehemu gani, kichwa au mkia? Ndipo akakasirika, na mimi nikajua mazungumzo yamefika mwisho. Hasira zake hazikuwa tena za bata. Alikuwa ameupata utani leo tu, saa ile ile, na mimi namwambia kwamba kile alichokuwa akikicheka si cha kuchekesha.

Barua ya kuniachisha kazi ilimchukua siku mbili, kwa sababu barua ya serikali haiwezi kuandikwa panya. Alianza "kwa utovu wa nidhamu" akafuta, maana nidhamu nilikuwa nayo. Alianza "kwa kutukana wananchi" akafuta, maana wananchi walishasema hawakutukanwa. Mwishowe niliipiga chapa mimi mwenyewe, hakukuwa na mwingine wa kuipiga: "Umeachishwa kazi kwa kukataa kukubali kwamba ulikuwa unatania." Nikamsahihishia nukta moja. Akatia saini bila kunitazama.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Chuno, mume wangu aliisoma barua amesimama, ameshikilia mfuko wa chakula chake cha kazini.

"Ungesema utani," akasema.

"Hata wewe?"

"Sisemi panya si nyama. Nasema ungesema utani." Akaketi. "Na yale ya maziwa, ni kweli uliandika yananuka?"

Siku tatu nilimpikia mchicha mtupu.

Mwezi uliofuata nilisikia kwamba kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini inatafuta mtu wa mapokezi, nikaenda na mtoto mgongoni. Nje ya ofisi watu walikuwa wamejaa benchi wakisubiri makaratasi yao. Nikapewa fomu. Jina, shule, dini, mahali ulipozaliwa. Sababu ya kuacha kazi ya awali. Ningeweza kuandika uzazi, kila mtu angeamini, ushahidi ulikuwa unanivuta hereni. Nikaandika: "Maoni."

Karani mkuu, bwana mmoja nadhifu wa Newala, tai imembana hadi macho yamemtoka, aliisoma akanitazama. "Maoni yanaachisha watu kazi?"

"Ukiyamaanisha."

"Maoni gani?"

Nikamweleza yote, tangu waraka mpaka rula. Hakucheka. Nilipofika kwenye mapishi, maana alinitaka niyarudie, aliinuka akafunga mlango, akachungulia dirishani, akarudi akainama juu ya meza.

"Ni wa kuchoma," akauliza taratibu, "au wa karanga?"

"Wa karanga."

Akafumba macho. Alikaa hivyo kidogo, mkono juu ya fomu yangu. Kisha akajiweka sawa tai.

"Kazi hii ni ya mapokezi, dada. Watakuja wageni wakubwa. Wakikuuliza jambo, utawajibu?"

"Nitawajibu."

"Ndiyo hofu yangu." Akanifungulia mlango mwenyewe, kwa adabu kubwa, na pale mlangoni akapandisha sauti isikike mpaka mwisho wa benchi: "Nafasi imejaa, samahani sana!"

Nami nikapandisha yangu: "Ahsante, ndugu mla panya!"

Watu wote kwenye benchi waligeuka kumtazama, kisha wakanitazama mimi. Nilingoja wacheke. Hakucheka hata mmoja. Watatu hivi walimeza mate.